Kadi ya mjukuu, kifua cha bibi

Ikifika Juni, Igowole huvaa makoti. Ukungu hutanda kutoka upande wa mashamba ya chai, huiziba barabara ya Nyololo, na siku nyingine jua halionekani mpaka karibu saa tano. Mabondeni umande huganda na kuunguza majani ya viazi. Wazee huhamia jikoni. Hukaa kutwa kwenye kigoda kando ya mafiga, kuni za paina zikiwaka, mlango umefungwa ili baridi isiingie, moshi nao ukikosa pa kutokea.

Muulize mzee wa huku kuhusu kifua, atakueleza kwa kirefu. Mafua ni ya msimu: huja na baridi na kuondoka nayo, na dawa yake ni tangawizi, limao, mvuke wa majani ya mkaratusi na blanketi zito. Kichomi anakiweka mbali na mafua. Kichomi hushika ubavu, hukata pumzi, na kimewazika watu anaoweza kukutajia kwa majina. Ila ukimuuliza kuhusu chanjo ya mafua makali au ya nimonia, maelezo huishia hapo. Chanjo, atakwambia, ni ya watoto.

Wapo watakaosema huo ni uelewa mdogo wa watu wa kijijini. Sikubaliani nao. Jibu hilo wazee wamelipata kutoka kwenye mfumo wenyewe wa afya. Mpango wa Taifa wa Chanjo ulianza mwaka 1975, na tangu hapo kila kitu kinachohusu chanjo, kuanzia kadi hadi mizani ya kupimia uzito na benchi la kusubiri, kiko upande wa kliniki ya mama na mtoto. Bango la ukutani lina picha ya mtoto. Ratiba inaanza siku ya kuzaliwa na kuishia utotoni, isipokuwa pepopunda kwa wajawazito na ile ya saratani ya mlango wa kizazi kwa wasichana. Mzee aliyetazama ukuta huo miaka yote amesoma sawasawa kilichoandikwa.

Na hapa Mufindi bibi anaujua ukuta huo kuliko bibi wa sehemu nyingi. Ukimwi umeacha alama nzito katika mikoa hii. Utafiti wa kitaifa wa 2022/2023 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima yakiwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, mikoa mitatu iliyo juu kuliko yote nchini. Miaka ile ambayo dawa za kufubaza makali zilikuwa hazijafika, wazazi wengi walizikwa na watoto wakabaki mikononi mwa bibi zao. Wengine wana wazazi walio hai ila wapo Dar es Salaam au Makambako wakitafuta. Kwa hiyo bibi ndiye anayembeba mtoto mgongoni kwenda zahanati wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na katika kila safari hiyo mtoto hupata pamoja na nyingine chanjo ya nimonia, iliyoingizwa nchini mwishoni mwa 2012 na kuanza kutumika kote 2013. Kadi anaitunza ndani ya mfuko wa nailoni, juu ya kabati, isilowe.

Nikiitazama picha hiyo naona jambo linalouma. Katika kijiji kizima hakuna aliye karibu zaidi na chanjo ya nimonia kuliko bibi huyu. Anaiona ikichomwa pajani mwa mjukuu, anamtuliza mtoto akilia, anaulizia tarehe ya kurudi. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kimelea kile kile, kile kinachoitwa nyumokokasi, huua zaidi katika ncha mbili za maisha: utotoni na uzeeni.

Kimelea hiki kinaishi puani na kooni, hasa kwa watoto wadogo, mara nyingi bila kuwadhuru. Mtoto akipiga chafya, akilala kifua kwa kifua na bibi usiku wa baridi, akila kwenye sahani moja naye, kinahama. Kikimkuta mwenye mapafu yaliyochoka kwa moshi wa miaka 60, au mwenye kisukari, au anayeishi na VVU, kinashuka kifuani. Ndiyo maana kumchanja mtoto kunamsaidia na mtu mzima. Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti walifuatilia jambo hili kwa miaka baada ya nchi hiyo kuanza chanjo ya nimonia kwa watoto mwaka 2011. Matokeo waliyochapisha 2019 yalionyesha kwamba magonjwa makali yaliyotokana na aina za kimelea zilizo ndani ya chanjo yalipungua kwa asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka 5, na yakapungua pia kwa watu wazima ambao hawakuchomwa sindano hata moja. Bibi wa Igowole, kwa kuitunza ile kadi, amekuwa akijikinga mwenyewe kiasi fulani bila kujua. Naamini angestahili kuambiwa hivyo, tena na nesi, kwa maneno ya wazi, mtoto akiwa bado mapajani mwake.

Lakini kinga ya kuazima haitoshi. Aina za nyumokokasi zinazojulikana zimezidi 100, na chanjo ya watoto ilichagua chache zilizokuwa hatari zaidi kwao. Mzee anahitaji yake.

Kuhusu mafua kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu kila mtu amewahi kuugua mafua na kupona. Nani atakubali sindano kwa ajili ya kamasi? Mafua makali, ile homa inayomlaza mtu ghafla akiwa anaumwa viungo vyote na kutetemeka, ni ugonjwa mwingine wenye virusi vyake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka unaua kati ya watu 290,000 na 650,000 kwa njia ya upumuaji, wengi wao wazee katika nchi zenye takwimu nzuri. Kwetu kifo cha namna hiyo huandikwa kikohozi, au presha, au uzee tu.

Nyanda za Juu Kusini zina sababu ya kuujua ugonjwa huu kwa jina. Oktoba 1918, vita vya Wajerumani na Waingereza vikiwa vinaelekea ukingoni, safu ya kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, iliyokuwa imerudi kutoka Msumbiji, ilipita Ubena. Ilimwacha huko Jenerali Kurt Wahle akiwa mgonjwa, ikaendelea kuelekea Rhodesia ya Kaskazini huku ugonjwa wa mapafu ukiwaandama askari na wapagazi. Ni mafua yaliyokuwa yakizunguka dunia wakati huo, yaliyokuja kuua watu wanaokadiriwa kufikia milioni 50. Yalisafiri na majeshi, meli, reli na vichwa vya wapagazi, katika nchi ambayo vita ilikuwa imekwisha kuila chakula chake na vijana wake. Mwanahistoria James Ellison ameandika jinsi mlipuko ule wa 1918 na 1919 ulivyofungamana na njaa kali upande wa kusini magharibi, huko Unyakyusa. Waliokumbwa zaidi safari ile walikuwa vijana, watu wa kulima. Walipolala wao, majembe nayo yalilala.

Madaktari waliokuja kuchunguza upya mapafu yaliyohifadhiwa tangu mwaka ule waligundua kwamba wengi hawakuuawa na kirusi peke yake. Kirusi kilichubua njia ya hewa, kisha vimelea kama nyumokokasi vikaingia kupitia jeraha hilo. Mafua yalifungua mlango na nimonia ikaingia. Mzee anayetenganisha mafua na kichomi yuko sahihi kwamba ni vitu viwili. Anachokosa ni kujua kwamba kimoja humtangulia mwenzake, na ndiyo sababu chanjo hizi mbili hutajwa pamoja kila zinapozungumzwa kwa ajili ya wazee.

Chanjo ya nimonia yenyewe ina historia inayopita jirani na hapa, na mimi sikuwahi kuisikia ikisimuliwa katika mkutano wowote wa afya. Ilianzia migodini. Mwaka 1911, daktari Mwingereza Almroth Wright alipelekwa kwenye migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, ambako vibarua Waafrika waliotoka nchi za kaskazini walikuwa wakifa kwa nimonia kwa idadi iliyowatisha hata wenye migodi. Alijaribu chanjo ya kwanza juu ya miili yao. Miaka 60 baadaye, Robert Austrian wa Marekani alikwenda kwenye migodi hiyohiyo, akajaribu chanjo iliyoboreshwa kwa wachimbaji wapya, na kutokana na kazi hiyo chanjo ya aina 14 iliruhusiwa Marekani mwaka 1977, ikafuatwa na ya aina 23 mwaka 1983. Wazee wa Mbeya na Njombe wanalikumbuka neno Wenela, wale waandikishaji waliochukua vijana wa Nyanda za Juu Kusini kuwapeleka Johannesburg hadi Tanganyika huru ilipopiga marufuku. Waafrika wa kusini mwa bara hili walitoa vifua vyao ili chanjo hii ijulikane inafanya kazi. Leo inachomwa bure kwa mstaafu wa Manchester. Kwa mstaafu wa kiwanda cha karatasi Mgololo haimo hata kwenye ratiba.

Tuje kwenye hofu ya chanjo, maana ipo, na si sawa kuificha. Mwanzoni mwa 2021 matangazo ya vifo yalijaa maneno "changamoto ya upumuaji". Watu walijifukiza. Januari mwaka ule Rais John Magufuli alisema hadharani akiwa Chato kwamba chanjo za Korona hazifai kuaminiwa. Julai 28, mwaka huohuo, Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa mbele ya kamera Ikulu, Dar es Salaam, na waliotangazwa kutangulizwa walikuwa wahudumu wa afya, wenye magonjwa sugu na watu wa miaka 50 na zaidi. Mzee wa Igowole alisikia sauti mbili za serikali ileile ndani ya miezi 6. Akasikia pia viongozi wa dini wakipingana, na simu za wajukuu zikileta habari za utasa na damu kuganda. Habari ya damu kuganda ilikuwa na ukweli ndani yake, ingawa jambo lenyewe lilikuwa nadra sana. Hakukuwa na mtu wa kukaa naye na kumfafanulia nadra ni kiasi gani. Kisha yeye, ambaye maisha yake yote aliambiwa chanjo ni ya watoto, akaambiwa yuko mstari wa mbele. Kutia shaka katika hali ile kulikuwa dalili ya akili timamu.

Jambo lililofuata ndilo lenye mafunzo zaidi. Idadi ya waliochanjwa ilikuwa ndogo sana kwa miezi mingi, halafu mwaka 2022 ikapanda kwa kasi. Kilichobadilika ni kwamba wahudumu waliacha kusubiri kituoni. Walikwenda nyumba kwa nyumba, mashambani, sokoni, kanisani. Mzee alimwona mtu anayemjua, aliyemsalimu "kamwene" kabla ya kufungua kisanduku chake, akamuuliza maswali, akajibiwa. Ndiyo maana ninaposoma taarifa zinazolaumu mitazamo ya wazee, huwa najiuliza kama mwandishi alipima mtazamo au alipima umbali.

Kizazi hiki hakikatai sindano. Wenye miaka 70 na kuendelea wana kovu la chanjo ya ndui begani na wanajua kwa nini leo hakuna mtoto mwenye uso wa ndui. Walikuwa vijana mwaka 1973 wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, walipokaa kwenye vikundi kuizunguka redio, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani kuzunguka nyumba. Vijijini hata leo mgonjwa aliyepewa vidonge tu huona hajatibiwa. Kinachowatatiza ni sindano ya mtu asiyeumwa, na swali hilo ni la haki: mwili mzima unachomwa kwa nini? Linahitaji jibu la mtu aliyetulia. Kwamba kinga huchukua kama wiki mbili kujengeka, kwa hiyo ukisubiri kuumwa umechelewa. Kwamba sindano ya mafua haina kirusi kilicho hai na haiwezi kukupa mafua. Mkono utauma, pengine homa ya siku moja au mbili. Kwamba ukichanjwa leo na kukohoa wiki ijayo, huenda ulishaambukizwa kabla.

Na ajibiwe ukweli wote. Chanjo ya mafua si ngao kamili. Katika mwaka mzuri hupunguza ugonjwa kwa asilimia 40 hadi 60, na kwa mwili wa mzee hufanya kazi hafifu zaidi kuliko kwa kijana. Inabidi irudiwe kila mwaka kwa sababu kirusi hubadilika. Ile ya nimonia ina ushahidi mzuri kwa wazee: jaribio kubwa la Uholanzi, lililowahusisha watu zaidi ya 84,000 wenye miaka 65 na kuendelea na kuchapishwa 2015, lilionyesha kwamba ilipunguza nimonia ya aina zilizomo ndani yake kwa asilimia 45.6. Karibu nusu. Mzee aliyeishi kwa kilimo cha mvua anaelewa thamani ya kupunguza hasara kwa nusu. Hana haja ya kuahidiwa miujiza.

Uingereza, takribani robo tatu ya wenye miaka 65 na zaidi huchanjwa mafua kila majira ya baridi. Minong'ono ya kwamba sindano ndiyo inayoleta mafua ipo huko pia, tena ya miaka mingi. Tofauti ni kwamba mzee wa kule hupata ujumbe kutoka kwa daktari wake, tarehe imepangwa, malipo hakuna. Kwetu chanjo ya mafua inapatikana kwa kutafutwa, kwenye hospitali binafsi za miji mikubwa, kwa mwenye fedha. Mtu wa Igowole hawezi kusemwa ameikataa.

Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 iliahidi matibabu bure kwa wenye miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, na hospitali nyingi zimefungua dirisha la wazee. Nalithamini dirisha hilo, ingawa kila mwenye mzazi anajua safari nyingine huishia kwa karatasi ya kwenda kununua dawa nje. Hata likifanya kazi vizuri, linamsubiri mzee augue. Tanzania ina wazee zaidi ya milioni 3, na kuwachanja wote mara moja kungekuwa gharama kubwa. Fedha za wafadhili kama Gavi zilizobeba chanjo ya nimonia zililenga watoto. Kama ningeulizwa tuanzie wapi, ningesema na nimonia, ambayo kwa chanjo za sasa sindano moja inaweza kumtosha mtu mzima kwa miaka mingi, na ningeanza na wazee wanaohudhuria kliniki ya wanaoishi na VVU (CTC), ya kisukari na ya presha katika mikoa hii ya baridi. Hao tayari wana kadi, wana tarehe ya kurudi, na nesi anawajua kwa majina. Jokofu la chanjo linalohitajika, la nyuzi 2 hadi 8, tayari lipo zahanati likihifadhi dozi za wajukuu wao.

Wakati hilo linasubiriwa, familia zina la kujua. Nimonia ya mzee mara nyingi haiji na makelele. Anaweza asiwe na homa, asikohoe sana. Anaacha kula, anachanganyikiwa maneno, anaanguka akienda chooni, anapumua harakaharaka akiwa amekaa. Wengi huona uzee, wengine huona mkono wa jirani. Hiyo ni siku ya kumpeleka hospitali, sio siku ya kwenda duka la dawa kununua amoksilini za kuhesabu, sita au nane, kwa kadiri ya chenji iliyopo. Na jiko lenye moshi litobolewe dirisha hata kama baridi itaingia. Blanketi la pili linafidia baridi, hakuna kinachofidia pumzi.

Upande wa mafua, kalenda ndiyo itakayotubana. Kila Septemba Shirika la Afya Duniani hutangaza aina za virusi zitakazowekwa kwenye chanjo ya nusu ya kusini ya dunia kwa mwaka unaofuata. Viwanda huchukua kama miezi 6 kuitengeneza. Kwa baridi ya Mufindi, inayoshika kasi Juni, dozi zinapaswa kuwa kwenye jokofu la zahanati kufikia Aprili, na fedha zake ziwe zimeombwa kwenye bajeti ya mwaka uliotangulia.